Chura Aliyempa Mama Mkwe Mimba

Kabla ya hizo chupa ndogo za dawa mnazozitoa kwenye jokofu, mkadondosha tone juu ya kioo, mkatikisa na kusoma jibu kabla chai haijapoa, mimba za wilaya yetu zilitangazwa na vyura. Sisemi kwa mafumbo. Chura dume, mwenye macho mawili na miguu minne, ndiye aliyeketi kati ya mwanamke na habari yake. Mimi nilikuwa mtunzaji wa vyura hao. Mwezi uliopita mmeniaga kazini kwa saa ya ukutani na hotuba, na katika hotuba nzima hakuna aliyemtaja chura hata mmoja. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Jina langu Mwanahamisi mnalijua. Lile la Mama Vyura mmelisikia kwa wakubwa wenu bila kujua lilikotoka. Nilizaliwa Mzenga, nikaolewa na Salehe, fundi baiskeli, mtu mwema ambaye nyama kwake ilikuwa chakula cha Idi. Niliingia kazini Kisarawe muda mfupi baada ya Uhuru, bendera mpya ikiwa bado na mikunjo ya dukani. Kituo chenyewe sikitaji. Kilikuwa na dari lenye popo, pipa la maji ya mvua, na chumba kimoja cha maabara ambamo Mzee Gaspari alitawala peke yake kama mfalme asiye na raia.

Mzee Gaspari alikuwa Mluguru, mimi Mzaramo. Anayejua utani wa Waluguru na Wazaramo atajua kwamba siku yangu ya kwanza haikuanza kwa salamu.

"Umetoka wapi?" aliniuliza bila kunyanyua jicho kutoka kwenye darubini.

"Mzenga."

"Mungu wangu. Nimeomba msaidizi, wameniletea mcheza ngoma."

"Na mimi niliambiwa nitafundishwa na mtaalamu," nikamjibu, "nimemkuta Mluguru aliyeteremka mlimani kutafuta chumvi."

Hapo akanyanyua jicho. Alikuwa na uso mwembamba na masikio makubwa. Akavuta sanduku la mbao kutoka chini ya meza, akafunua gunia bichi lililolifunika. Macho ya dhahabu yakaniangalia.

"Shika mmoja."

Kwetu tulipokuwa watoto tuliambiwa anayemshika chura huota chunjua. Nilimshika nikiwa nimefumba macho. Alikuwa baridi na mwenye vipele, na moyo wake ulipiga kwenye kiganja changu kama wa mtu aliyefumaniwa.

"Sasa mbinye kidogo hapo kwapani."

Nikambinya. Chura akalalamika: kr, kr, kr.

"Huyo dume," alisema Mzee Gaspari. "Tazama na koo lake, jeusi. Gusa kidole gumba, kina mkwaruzo kama tupa. Dume ukimshika hulalamika, jike hunyamaza. Kwa binadamu sijui nani aliyebadilisha utaratibu."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwanamke alileta mkojo wake wa kwanza wa asubuhi katika chupa safi. Tuliuchuja, tukavuta kidogo kwenye bomba la sindano, tukamchoma dume chini ya ngozi ya mgongo, kisha tukamweka katika chupa pana yenye maji kidogo akae atafakari. Baada ya saa chache tulimvuta tone moja kutoka nyuma kwa kijibomba cha kioo na kuliweka chini ya darubini. Ikiwa tone ni tupu, mwanamke hana mimba. Ikiwa mbegu za chura zinaogelea humo, vichwa vyembamba na mikia inayochapa, basi mwanamke yule ni mjamzito.

"Lakini chura anajuaje?" niliuliza. Ninyi pia mngeuliza.

Mzee Gaspari alifuta miwani yake kwa pindo la koti. "Wewe ni Mzaramo, nitakueleza kwa lugha yako. Mwilini mna ngoma. Inapigwa kijiji kimoja, inachezwa kijiji kingine. Mpigaji anakaa kichwani, chini ya ubongo, tezi ndogo kama punje ya mbaazi. Akipiga, mdundo unasafiri ndani ya damu mpaka huku chini kwenye mifuko ya mayai ya mwanamke, nayo inaamka, inacheza, yai linakomaa. Mdundo huo ndio homoni. Mwanamke akishika mimba, kondo la mtoto nalo linakuja na ngoma yake, inapigwa kwa nguvu mpaka mlio unamwagika kwenye mkojo. Chura ni mgeni asiyealikwa. Hajui harusi ni ya nani. Akisikia ngoma, anacheza."

Nimehudhuria kozi nyingi baada ya siku ile, zenye picha za rangi na mishale. Hakuna iliyonieleza zaidi ya hayo.

Palikuwa na kanuni, nazo alinitia kichwani kwa kunizomea. Kanuni ya kwanza: mtazame chura kabla ya kumchoma, kwa maana wakati wa masika madume huwa na mambo yao, na ukimchoma aliyetoka kuoa kwenye dimbwi atakutangazia mimba hata ya askari polisi. Kanuni ya pili: chura aliyefanya kazi apumzike. Kanuni ya tatu: apewe mchwa, na kumbikumbi wakipatikana, maana mfanyakazi asiyekula hufanya kazi ya hovyo. Hii ya tatu aliisema kwa sauti kila mganga mkuu alipopita mlangoni.

Vyura wetu walikuwa na majina. Uhuru ulikuwa umewafuta kazi maakida, majumbe na maliwali waliotusumbua zama za wakoloni, na Mzee Gaspari akawaonea huruma, akawapa ajira mpya sandukuni. Akida alikuwa mnene na mvivu. Liwali alipenda kutoroka, na siku moja alipatikana ndani ya kofia ya mganga mkuu, ametulia kama aliyerudishiwa cheo. Bingwa alikuwa Jumbe. Jumbe hakuwa na maneno mengi. Ukimuuliza, anajibu.

Sasa niwasimulie kesi iliyonifundisha kazi kuliko zote.

Katika kijiji cha Masaki alikuwako mwanamke kijana, Tatu, mzaliwa wa Mzenga kama mimi. Aliolewa na Ramadhani, mkulima wa korosho na mihogo, na misimu ikapita bila mtoto. Mama yake Ramadhani aliitwa Bi Kidawa. Huyu hakuwa mama mkwe wa kawaida. Alikuwa kungwi, mwalimu wa wali, wasichana waliovunja ungo, aliyewafunda nusu ya wanawake wa Masaki juu ya miili yao. Kwa mtu kama yeye, mkwe asiyezaa nyumbani ni kama fundi seremala mwenye mlango usiofungika. Wazee wa pande zote wakakaa, wakakubaliana: korosho zikishavunwa, Tatu arudishwe kwao.

Korosho zikaanza kuanguka. Na hapo hapo Tatu akasema hajaziona siku zake.

"Mimba ya msimu wa korosho," alisema Bi Kidawa mbele ya watu kisimani. "Korosho zikiisha, nayo itaisha."

Siku za Tatu zilikuwa na tabia ya kuruka hata zamani, kwa hiyo hata mkunga hakuweza kuapa mapema vile. Ramadhani, kijana mpole aliyeogopa mama yake kuliko chui, akasikia kwa dereva wa lori la mkaa kwamba Kisarawe wako vyura wasioogopa mtu. Akaja kuuliza. Tukamwambia alete mkojo wa asubuhi. Naye Bi Kidawa akajitolea, kwa ukarimu uliomshangaza kila mtu, kuibeba chupa yeye mwenyewe.

Walifika na lori, Ramadhani kaweka baiskeli yake juu ya magunia, mama yake kaketi mbele kwa dereva na chupa mapajani, imezibwa kwa kipande cha kanga.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Ndiye wewe binti wa Mzenga unayelala na vyura?"

"Nafanya nao kazi tu, mama. Kulala nalala na Salehe."

"Hm. Na chura wako akisema hakuna kitu, utathubutu kusema, ama utamficha ndugu yako wa Mzenga?"

"Asemalo chura ndilo tutakalosema."

"Basi," alisema, akaketi benchini, akakunja tambuu lake kwa raha ya mtu aliyekwisha kulisoma jibu. "Muulize."

Tulimtazama Jumbe kwanza, kama kanuni ilivyotaka. Tone lilikuwa tupu, jeupe kama anga la kiangazi. Tukamchoma. Akatafakari. Mchana tulipovuta tone la pili, Mzee Gaspari aliinama kwenye darubini, akacheka kupitia puani, akanipisha. Humo ndani palikuwa sherehe.

Mzee Gaspari alipenda watu waone kwa macho yao. Akamwita Bi Kidawa, akamwonyesha pa kuweka jicho.

"Ni nini hivi vinavyokimbizana?"

"Mbegu za chura, mtani wangu. Maana yake mwenye mkojo huu ana mimba."

Bi Kidawa aliacha kutafuna. "Mwenye mkojo huu?"

"Ndiyo."

"Mkojo huuhuu uliokuwa kwenye chupa hii?"

"Mama, chura hajapewa mwingine."

Akaketi sakafuni. Mimi nilidhani ni furaha. Ramadhani, aliyekuwa ameng'ang'ania dirisha kwa nje, alisikia neno moja tu. Aliirukia baiskeli yake akapiga pedali kuelekea Masaki akipiga kelele njia nzima, na akamsahau mama yake kabisa. Bi Kidawa alipofika kijijini kwa lori la jioni, vigelegele vilikuwa vimekwisha kupoa na kuanza upya.

Haukupita muda akarudi. Safari hii alikuja kwa miguu kutoka njia panda, kanga imemfunika mpaka puani. Aliniita pembeni, nyuma ya pipa la maji.

"Mwanangu. Chura husema uongo?"

"Uongo hasemi, mama. Kukosea anaweza."

Akashusha pumzi. "Ule mkojo haukuwa wa Tatu."

Nikachungulia kama kuna anayetusikia.

"Wa Tatu niliumwaga chini ya mkorosho. Nikaweka wangu. Mwaka mzima sijaona siku zangu, nikajua duka limefungwa, kwa hiyo hakuna mkojo mkavu kuliko wangu katika Masaki yote. Nilitaka chura aseme hapana, binti yule arudi kwao, yaishe. Sasa nasikia mwili unawaka moto usiku, jasho linanitoka kama mchoma mkaa. Nilidhani homa. Kumbe..." Akaishika kanga kwa meno. "Kumbe nina mimba, mwanangu! Mimi! Kungwi! Mwenye mwana aliyeoa!"

Ninyi mliokulia mjini labda hamlijui hili. Kwetu Uzaramo mama aliyekwisha kuoza mwanawe hazai tena. Akizaa, watu hawamsengenyi. Wanamtungia wimbo. Na nyimbo za Masaki, ngoja nisiwaeleze, huimbwa hadi Mzenga na wanaoulizwa maana yake ni watoto wa aliyeimbwa.

"Kuna mtu umemwambia?" nikamuuliza.

"Nilimwambia baba Ramadhani, kwa kumlaumu. Ningejua nisingemwambia. Tangu siku hiyo anatembea kifua mbele kama jogoo, na kila siku analeta nyama."

Nilijitahidi, Mungu ni shahidi. Kicheko kilinitoka puani. Naye akanitazama kwa ukali, kisha midomo yake ikaanza kutetemeka, na tukajikuta wawili tumeegemea pipa tunacheka mpaka Mzee Gaspari akatoka kuuliza nani kafa.

Aliposikia, yeye hakucheka. Alimwita mkunga wetu, Magdalena, mwanamke wa parokia mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Magdalena akamlaza Bi Kidawa nyuma ya pazia, akampima kwa muda mrefu, akatoka akinawa. "Humo hamna mtu," alisema. "Mji wa mimba umelala kama mzee baada ya ugali."

Ndipo Mzee Gaspari akavuta kiti mbele ya Bi Kidawa, akazungumza naye kwa adabu, pasipo utani hata chembe.

"Mama, unaikumbuka ile tezi ya kichwani? Hapana, hukufundishwa, nisamehe. Kichwani mna mpigaji ngoma, na huku chini mna wachezaji, ndio mifuko ya mayai. Maisha yako yote mpigaji amepiga, wachezaji wamecheza, na wao humrudishia salamu: tumekusikia, punguza. Sasa wachezaji wako wamezeeka, wameketi. Salamu hazirudi. Mpigaji anadhani hawamsikii. Anafanya nini?"

"Anapiga zaidi," alisema Bi Kidawa taratibu.

"Anapiga mpaka ngozi ya ngoma inataka kupasuka. Mlio unamwagika kwenye mkojo. Si kwa kila mwanamke, na si kila siku, ila ukimwagika wa kutosha, chura akiusikia anacheza. Na lile joto lako la usiku ni jambo la msimu huohuo. Huna mimba. Umestaafu tu, ila mpigaji wako hajapata habari."

Wali wangapi Bi Kidawa aliwaambia kuhusu mwezi na damu na kitanda, na hakuna aliyewahi kumwambia yeye litakalofuata. "Mbona sisi makungwi hatukufundishwa haya?"

"Hata sisi tumefundishwa juzi," alisema Mzee Gaspari.

Alisimama, akajifunga kanga kiunoni kama mtu aliyetua mzigo. Akafika mlangoni. Akageuka.

"Na Tatu je?"

Kijiji kizima kilikuwa kikimpongeza Tatu kwa mkojo wa mama mkwe wake. Tatu mwenyewe alikuwa hajaulizwa. Inawezekana alikuwa na mimba, inawezekana hakuwa nayo, na korosho zilikuwa karibu kuisha. Kama hana, basi miezi ingefichua, na safari ile angerudishwa Mzenga si kama tasa tu bali kama mwongo. Nilimfikiria mama yake, niliyekuwa nachota naye maji.

"Mlete mwenyewe," alisema Mzee Gaspari. "Mkojo utoke hapa, nyuma ya pazia letu. Safari hii chupa haitapanda lori."

Walikuja asubuhi moja ya baridi, wakwe wawili, Ramadhani ameachwa nyumbani kwa kisingizio cha kwenda kwa mkunga. Tatu alikuwa mwembamba, mwenye mwanya na macho ya mtu anayesikia zaidi ya anavyosema. Jumbe alikuwa mapumzikoni, kwa hiyo zamu ilikuwa ya Akida, yule mvivu. Tone la kwanza tupu. Tukamchoma mkojo wa Tatu, tukamweka kwenye chupa yake, tukangoja.

Nimeona watu wakingoja mengi katika kazi hii. Sijaona mtu aliyengoja kama Bi Kidawa. Yeye aliyeomba hapana sasa aliisaka ndiyo kwa kila tasbihi aliyonayo. Katika nyumba ile chura alikuwa amelitaja tumbo moja tu, na lilikuwa lake. Alimpa Tatu andazi lake. Alimpepea kwa ncha ya kanga. Kila dakika alinyanyuka kumchungulia Akida, ambaye alimtazama kama karani wa serikali anavyomtazama mtu aliyekuja bila miadi.

"Mama, mbona unatetemeka?" aliuliza Tatu.

"Baridi."

"Na jua lote hilo dirishani?"

Bi Kidawa akageuzia uso ukutani. Mimi nilikuwa naosha vioo, mgongo nimewapa, masikio nimewaachia.

"Mama," alisema Tatu kwa upole, "chupa niliyokupa siku ile niliiziba kwa gunzi. Ramadhani aliniambia iliyofika hapa ilizibwa kwa kitambaa cha kanga yako."

Popo mmoja alijikuna darini.

"Ulijua?" ilitoka sauti ndogo.

"Nilijua siku ileile."

"Na ukanyamaza?"

"Ulianza kunichotea maji, mama. Kuni ukanikatia. Ningesema, ungeacha."

Niliuma ulimi. Bi Kidawa alijifunga kanga upya. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ukungwi kukutana na mwanafunzi aliyemzidi mwalimu.

Lakini Tatu hakuwa anacheka. Mikono yake ilikuwa imeshikana mapajani mpaka vidole vimekuwa vyeupe. "Vigelegele vile nilivisikia, mama, nikajua si vyangu. Kila aliyenipongeza alinichoma. Jibu langu mimi sijalipata. Huyu chura akisema hapana, utanirudisha?"

"Nikurudishe nikaseme nini?" alisema Bi Kidawa. "Kwamba chura alinitaja mimi?" Kisha akaiachia ile sauti ya kisimani, akachukua ile mikono iliyoshikana, akaifungua kidole kimoja kimoja. "Hapana, mwanangu. Aseme atakalo. Akisema hapana, tutangoja masika mengine. Na wakikuuliza wazee, waambie wanione mimi."

Mzee Gaspari akaniashiria. Nilivuta tone, nikaliweka, nikainama.

Tupu.

Nilisogeza kioo huku na huku. Anga jeupe, hakuna hata ndege. Niligeuka nikamwona Bi Kidawa ananitazama, na usoni pangu alisoma kila kitu, maana ndiyo kazi ya kungwi. Alimvuta Tatu akamlaza kichwa begani.

"Nyie Wazaramo mna haraka kama mpo ngomani," alisema Mzee Gaspari. "Chura ana baridi. Chura mwenye baridi hafanyi kazi, na huyu hata kwenye joto hafanyi." Akaichukua chupa ya Akida, akaiweka dirishani penye jua, akaufunika mdomo wa chupa kwa majani mabichi, akakaa kando akisoma gazeti la zamani. Tulingoja tena. Jua likapanda juu ya michungwa. Akida akafumba jicho, akafumbua.

Nikavuta tone jingine. Mwanzoni palikuwa peupe. Halafu pembeni kabisa, kama mtu anayechelewa mkutanoni, ikaingia moja, mkia unachapa. Kisha nyingine. Kisha zikaja kwa makundi.

"Zipo," nilisema. Sauti yangu ilitoka kama ya dume aliyebinywa.

Bi Kidawa alinisukuma, akaweka jicho. "Ndizo zilezile?"

"Ndizo."

"Na mpigaji huyu si yule wangu?"

"Tatu ni kijana, mtani wangu," alisema Mzee Gaspari. "Hiyo ngoma ni ya mtoto."

Bi Kidawa alitoa kigelegele kilichowaamsha popo wote, na mganga mkuu akatoka mbio akidhani ni moto. Tatu alilia bila sauti, mwanya wake nje. Alipomaliza alipangusa macho, akamgeukia mama mkwe wake na kusema kwa heshima zote: "Hongera na wewe, mama, kwa kuipoteza ya kwako."

Mtoto alizaliwa wa kike, wakamwita Zainabu. Wimbo haukutungwa. Au ulitungwa, ila mtunzi alikuwa kungwi mwenyewe, akawafundisha wali wake habari za mpigaji asiyejua kwamba wachezaji wameketi. Nimeusikia mara moja. Ni mafunzo bora kuliko mabango yetu yote, na siwezi kuuandika hapa.

Nilihamishiwa Kibaha miaka ya vijiji vya ujamaa. Mzee Gaspari alibaki, na siku ya kuagana alinipa sanduku lenye vyura na onyo: "Usiwafundishe ngoma, wanajua." Mabadiliko ya nchi yakafika mpaka sandukuni. Akida na Jumbe walikufa wazee, na warithi wao wakaitwa Mwenyekiti, Katibu na Mhasibu. Mhasibu ndiye aliyetoroka mara nyingi.

Vyura wa mabonde ya Soga walikuwa wazuri, na kiongozi mmoja wa kijiji huko, mtu wa bidii isiyo na breki, aliposikia tunawahitaji alitangaza shamba la vyura la kijiji. Walichimba bwawa kwa kazi ya pamoja, wakaimba, wakaleta vyura kwa madebe. Nilipofungua, wote walikuwa majike.

"Hawa wametulia, hawapigi kelele," alinieleza kwa fahari. "Wale wakorofi wanaolalamika ukiwashika tumewatupa."

Nilimshukuru kwa niaba ya taifa.

Kisha zikaja hizo chupa zenu. Nilizipenda, sitaki mseme mzee anachukia mapya. Hazili mchwa. Nikaambiwa niwaachie vyura. Waliobaki niliwapeleka bondeni asubuhi moja, wakarukia majini bila kuaga, ila Mwenyekiti nilimbakiza mpaka kesho yake. Nilikuwa na swali. Mwezi wa ngapi ule sikuwa nimeona siku zangu, na usiku nilikuwa nikimrushia Salehe shuka lote. Nilijua jibu. Nimelifundisha jibu hilo kwa wengine. Lakini nilitaka mfanyakazi wangu wa mwisho aniambie mwenyewe. Nikamtazama kwanza, kanuni ni kanuni. Tupu. Nikamchoma, nikangoja, nikainama kwenye darubini.

Mwenyekiti alikuwa amecheza ngoma ya harusi nzima.

Nilimwachia, nikapanda lori kwenda Masaki. Bi Kidawa alikuwa ameketi barazani akibangua korosho, macho yamefifia, ulimi bado. Zainabu, msichana mrefu mwenye mwanya wa mama yake, alitandika mkeka na kuniamkia. Tatu alikuwa jikoni akiimba. Nilisubiri binti aingie ndani, nikainama sikioni mwa bibi.

"Bi Kidawa, na mimi chura amenitaja."

Aliacha kubangua. Alinipapasa mkono, tumbo, kisha shavu, na kicheko cha pipa la maji kikampanda taratibu kutoka chini.

"Hongera, mwanangu. Salehe umemwambia?"

"Nimwambie nini? Mpigaji na wachezaji?"

"Aka! Hayo mweleze Ijumaa ijayo," alisema Bi Kidawa. "Leo mwambie chura kasema ndiyo, halafu nyamaza. Utakula nyama wiki nzima."